Majumba mawili ya bibi mmoja: ukoo wa Cavendish na kodi ya mirathi

Jumapili ya tarehe 26 Novemba 1950, Edward Cavendish alikuwa akipasua kuni nyumbani kwake Eastbourne, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Alikuwa na miaka 55, na kuni kwake zilikuwa burudani, si kazi. Moyo ukamsimama. Kwa familia ya kawaida huo ungekuwa msiba wa nyumba moja, watu wazike na waendelee na maisha. Lakini Edward alikuwa Duke wa 10 wa Devonshire (Duke ni cheo cha juu kabisa cha makabaila wa Uingereza), mwenye jumba la Chatsworth kule Derbyshire, jumba la Hardwick lililo safari fupi kutoka hapo na maelfu kwa maelfu ya ekari. Na alikufa vibaya, kwa maana ya kihasibu.

Sheria ya mirathi ya wakati ule ilikuwa hivi: ukimpa mtu mali yako ungali hai, kisha ukaishi miaka mitano, mali hiyo haihesabiwi kuwa urithi. Ukifa kabla ya hapo, serikali inakata kodi kana kwamba hukutoa kitu. Edward aliandikisha mali ya ukoo mwaka 1946 ili imfikie mwanawe Andrew. Hata hilo halikuwa wazo la awali. Mrithi alikuwa mwanawe mkubwa, William, aliyeuawa vitani Ubelgiji Septemba 1944, miezi minne tu baada ya kumwoa Kathleen Kennedy, dada yake John F. Kennedy. Basi zamu ikamwangukia mdogo, baba akaandikisha, saa ikaanza kuhesabu, na ilipobaki miezi michache miaka mitano itimie, shoka likaanguka.

Daktari aliyetia sahihi cheti cha kifo alikuwa John Bodkin Adams, ambaye mwaka 1957 alishtakiwa London kwa mauaji ya mgonjwa wake mwingine, mjane mmoja tajiri, na mahakama ikamwachia huru. Wapenzi wa visa vya upelelezi hawajaiacha habari hiyo hadi leo. Mimi naifuata hesabu.

Kiwango cha juu cha kodi kilikuwa asilimia 80. Katika kila pauni mia, themanini zinakwenda hazina. Ilichukua miaka 17, hadi 1967, mazungumzo na hazina juu ya deni hilo kumalizika. Katika miaka hiyo ardhi nyingi iliuzwa, na kazi za sanaa zilizokuwa roho ya ukoo zikakabidhiwa serikali badala ya fedha taslimu, utaratibu ulioanzia kwenye ardhi mwaka 1910 na kufikia sanaa katika miaka ya 1950. Mchoro wa vipande vitatu wa mchoraji Memling ulikwenda National Gallery. Mchoro mkubwa wa kalamu wa Holbein, Mfalme Henry VIII na baba yake, ulikwenda National Portrait Gallery. Kitabu cha michoro cha mchoraji Claude kilikwenda British Museum, pamoja na kitabu cha baraka cha Askofu Aethelwold, kilichoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na jumba la Hardwick, pamoja na vilivyomo, nalo likatoka. Liliingia mikononi mwa National Trust, shirika la hifadhi, mwaka 1959.

Waingereza wamebishana juu ya hesabu hii kwa zaidi ya miaka 70. Upande mmoja unasema ulikuwa uporaji uliovaa kanzu ya sheria: taifa lilizibomoa nyumba zake lenyewe kwa wivu wa kitabaka. Upande wa pili unasema ilikuwa haki iliyochelewa karne nne. Nimezisoma hoja za pande zote, na naona kila upande unaruka kitu. Ili kukiona, lazima turudi kwa bibi aliyeanzisha ukoo huu.

Alikuwa Elizabeth Hardwick, lakini kila mtu alimwita Bess. Alizaliwa katika familia ya wenye ardhi kidogo na madeni mengi, akaolewa mara nne, na kila alipofiwa alitoka eda na mali zaidi ya aliyoingia nayo. Mume wa pili, Sir William Cavendish, ndiye aliyeleta jina. Huyu alikuwa mmoja wa maofisa wa Henry VIII waliozunguka nchi nzima kukagua na kufunga nyumba za watawa, wakati mfalme alipoamua kuitwaa ardhi ya kanisa. Maofisa wa kazi kama hiyo, popote duniani, huwa hawarudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye akawa mtunza hazina wa chumba cha mfalme. Mwaka 1549 yeye na Bess walinunua Chatsworth kwa pauni 600. Mwaka 1557 wakaguzi walimkuta na upungufu wa zaidi ya pauni 5,000 katika hesabu za serikali, na mwaka huohuo akafa, akimwachia mjane deni na jumba ambalo halijakwisha kujengwa.

Hapa wanaotetea kodi wana hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Chimbuko la mali hii si jasho la mtu shambani. Dola iliitwaa ardhi kwa watawa, ikawaneemesha watumishi wake, na miaka 400 baadaye dola ileile ikaja kudai sehemu yake. Anayeuita mwaka 1950 uporaji atuambie miaka ya 1530 aiite nini.

Wapinzani hujibu kwamba tukirudi nyuma kiasi hicho hakuna hati ya nyumba itakayosalimika, ya tajiri wala ya maskini, na kwamba mtu wa mwaka 1950 hawezi kulipishwa dhambi ya babu wa babu. Jibu hilo lina uzito, lakini linasahau kuwa mtu huyo wa 1950 hakuwa akiukataa urithi wa babu wa babu. Alikuwa ameuandikisha.

Bess aliendelea. Mume wa nne, Earl (cheo kilicho chini ya Duke) wa Shrewsbury, ndiye aliyepewa na Malkia Elizabeth I kazi ya kumlinda mfungwa mzito kuliko wote nchini, Mary Malkia wa Scotland, ambaye kwa vipindi kadhaa aliwekwa Chatsworth. Ndoa ile iliishia kwenye ugomvi na kuhamana. Mzee alipofariki mwaka 1590, Bess, akiwa na umri ambao wenzake wanatafuta kiti karibu na moto, alianza kujenga jumba jipya la Hardwick kando ya jumba la zamani ambalo nalo lilikuwa bado linajengwa. Lilikwisha mwaka 1597. Kioo kilikuwa ghali kuliko jiwe, naye akajaza vioo, mpaka watu wakatunga msemo wa vina kwamba Hardwick ina vioo vingi kuliko ukuta. Juu ya minara aliweka herufi za jina lake, E na S, zikiwa za mawe na kubwa kiasi cha kusomeka kutoka mbali.

Kuna jambo dogo nalipenda kuliko minara. Mwaka 1592 Bess alinunua mapazia 13 makubwa ya kufumwa, ya kutundika ukutani, yenye kisa cha Gideoni wa kwenye Biblia. Yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya Sir Christopher Hatton, kipenzi cha Malkia, aliyekufa na madeni. Nembo ya Hatton ilikuwa imefumwa humohumo. Bess akaomba apunguziwe bei kwa usumbufu wa kubadilisha nembo, akapunguziwa, kisha badala ya kufuma upya akabandika viraka vyenye nembo yake juu ya ile ya marehemu. Mapazia yapo hadi leo, na viraka pia.

Baada ya Bess mambo yalikwenda kwa kasi. Mwanawe William alinunua cheo cha Earl kwa Mfalme James I mwaka 1618, kwa pauni 10,000. Mwaka 1688 kitukuu wa mwanawe huyo, Earl wa nne, alikuwa mmoja wa watu saba walioandika barua ya siri kumwita William wa Orange, mtawala wa Uholanzi, aje kuchukua ufalme. Jaribio lilifaulu, na mwaka 1694 akapewa cheo cha Duke. Wakati huohuo alikuwa akiibomoa na kuijenga upya Chatsworth ya Bess, upande baada ya upande, hadi 1707. Mwaka 1748 Duke wa nne wa baadaye, ambaye angekuwa Waziri Mkuu kwa miezi michache, alimwoa Charlotte Boyle, binti aliyerithi kila kitu: Bolton Abbey huko Yorkshire, Chiswick na Burlington House huko London, Lismore huko Ireland. Chini ya ardhi zao walichimba shaba na risasi.

Duke wa sita hakuoa, na alitumia fedha kama mtu asiyetarajia kuulizwa. Mwaka 1826 aliajiri kijana wa miaka 22, Joseph Paxton, kuwa mkuu wa bustani, na wawili hao walifanya mambo ambayo hata mpinzani mkubwa wa makabaila hukubali yalikuwa ya ajabu. Walijenga nyumba ya vioo kubwa kupita zote za wakati wao. Uzoefu huo ndio uliompa Paxton ujuzi wa kubuni jumba la vioo la maonyesho ya London ya mwaka 1851. Walitengeneza chemchemi ya kurusha maji karibu mita 90 angani kwa ajili ya ziara ya Kaisari Nicholas wa Urusi, ambaye hakufika. Na walifanikiwa kuzalisha mgomba uliotoka Mauritius, ambao wataalamu wakauita kwa jina la ukoo. Ndizi ndefu ya manjano inayouzwa leo kwenye maduka makubwa ya Dubai, London na Toronto ndiyo hiyo, Cavendish. Watu wa Bukoba na Buganda walikuwa wakila ndizi karne nyingi kabla Paxton hajazaliwa, lakini jina ni la mwenye nyumba ya vioo. Bess angeelewa.

Katika miaka hiyohiyo kijiji cha Edensor, kilichokuwa kikionekana kutoka jumbani, kilihamishwa. Kati ya 1838 na 1842 nyumba zilibomolewa na kujengwa upya nyuma ya kilima, nzuri kuliko za mwanzo, kila moja kwa mtindo wake. Mtetezi wa makabaila atakuonyesha uzuri wa nyumba mpya. Mimi huuliza nani aliulizwa. Mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kuhamisha kijiji kwa sababu kinamharibia mandhari, na wema wake wa kuwajengea vizuri haupunguzi ukubwa wa uwezo huo. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, ingawa huyu hakuwa mnyonge: Duke huyohuyo aliwafungulia wageni milango. Reli ilipofika Rowsley, jirani na Chatsworth, mwaka 1849, watu wapatao 80,000 walikuja kutazama katika kiangazi kimoja, wengi wao wafanyakazi wa viwandani.

Kwa hiyo kufikia 1950 kilichokuwa mezani kilikuwa rundo lenye ardhi ya watawa, cheo cha kununuliwa, barua ya uhaini iliyofaulu, ndoa nzuri, shaba, na pia jicho la kweli la sanaa lililorithiwa kizazi hadi kizazi. Ukichukua kipande kimoja tu cha rundo hilo unaweza kuthibitisha chochote.

Tuingie sasa kwenye hoja yenyewe. Kodi ya mirathi ya kisasa ilianza Uingereza mwaka 1894 na kiwango cha juu cha asilimia 8. Ilifika 40 mwaka 1919 na 80 mwaka 1949. Katika karne ya 20 zaidi ya majumba elfu moja ya namna hii yalibomolewa, na katikati ya miaka ya 1950 jumba moja lilikuwa likianguka kila baada ya siku chache. Mwaka 1974 makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalifanya maonyesho mazima ya majumba yaliyopotea, na watu walitoka wakilia. Hiyo ndiyo silaha kuu ya wapinzani wa kodi.

Lakini si kila kilichoanguka kilisukumwa na kodi. Ukoo wa Cavendish wenyewe uliuza Devonshire House, jumba lao la Piccadilly katikati ya London, mwaka 1920, kwa bei nono, likabomolewa mwaka 1924. Nyumba ya vioo ya Paxton ilivunjwa kwa baruti mwaka 1920 kwa sababu wakati wa vita hapakuwa na makaa ya mawe wala watu wa kuipasha moto, na mimea ilikuwa imekufa kwa baridi. Chiswick iliuzwa 1929. Tabaka hili lilikuwa likipunguza mizigo miaka 30 kabla ya shoka la Eastbourne. Bei ya nafaka ilishuka tangu miaka ya 1870 meli zilipoanza kuleta ngano ya Amerika, na watumishi wakaona viwanda na ofisi vinalipa vizuri zaidi. Kodi ilikuta mti umeshaoza upande mmoja.

Kwa bahati, historia imetupa jaribio ambalo mtafiti asingeweza kulipanga. Majumba mawili ya bibi mmoja, kaunti moja, msiba mmoja, bili moja. Mwaka 1959 Hardwick ilikwenda kwa National Trust. Mwaka huohuo Andrew, Duke wa 11, na mkewe Deborah walihamia Chatsworth, ambayo ukoo haukuwa umeishi humo tangu vita, ilipogeuzwa bweni la shule ya wasichana. Tangu hapo moja limetunzwa na shirika na jingine na familia.

Hardwick leo ni tulivu. Wanaoipenda husema unaingia karne ya 16, na ni kweli, ingawa sababu yake si National Trust peke yake. Ukoo uliipuuza Hardwick kwa karne tatu, ikawa nyumba ya pili, haikufuata mitindo, na ndiyo maana haikuharibiwa. Mjane wa mwisho aliyeishi humo, Evelyn, mke wa Duke wa tisa, alikuwa akishona na kurekebisha vitambaa vya kale kwa mikono yake hadi uzeeni. Shirika lilipoyapokea mapazia ya Gideoni, lilianza kuyasafisha na kuyakarabati moja baada ya jingine. Kazi ilichukua miaka 24, ikakamilika 2023. Familia gani, hata tajiri, ingeweka pembeni fedha na subira ya miaka 24 kwa ajili ya mapazia ya ukumbi mmoja? Hapo upande wa umma unashinda bila ubishi.

Chatsworth ni soko. Deborah alianzisha zizi la kuonyesha watoto wa mjini ng'ombe anavyokamuliwa mwaka 1973, na duka la mazao ya shamba mwaka 1977, na wenye kiburi cha kitabaka walicheka. Hawakucheka muda mrefu. Mwaka 1981 ukoo ukafanya jambo la akili: ukaunda shirika la hisani, Chatsworth House Trust, likapangishwa jumba, vitu vyake vya msingi, bustani na ekari zipatazo 1,800 kwa kodi ya pauni moja kwa mwaka. Familia inakaa humo kama mpangaji na inalipia vyumba vyake. Mapato ya viingilio yanarudi kwenye paa, mabomba na kuta.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja hahitaji kufafanuliwa sana hapa, kwa sababu anajua wakfu. Mali inafungwa, haiandikwi jina la mtu, wasimamizi wanaishika, manufaa yanakwenda kwa dhurria au kwa umma. Chatsworth imefanya yote mawili kwa safu: chini kuna ardhi inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya ukoo, juu yake kuna shirika la hisani lililopangishwa jumba. Tofauti na wakfu ni kwamba wadhamini hawa wanaweza kuuza.

Na waliuza. Ili shirika la hisani lipate mtaji, picha ya Poussin iliuzwa Marekani mwaka 1981. Mwaka 1984 Duke aliipa British Museum nafasi ya kununua kundi la michoro ya mabwana wa kale kwa pauni milioni 5 na kidogo. Wakavutana juu ya tofauti ndogo ya bei, mazungumzo yakavunjika, michoro ikapelekwa mnadani Christie's, ikaleta zaidi ya pauni milioni 20. Mwaka 2012 mchoro mmoja tu wa Raphael, kichwa cha mtume, uliuzwa kwa pauni milioni 29.7. Kila mauzo yalitetewa kwa neno moja: paa. Naamini paa la Chatsworth linavuja kama paa lolote la zamani. Lakini linganisha. Vitu vilivyochukuliwa na kodi ya 1950 viko London, na mtoto wa shule anaingia National Gallery au British Museum bila kulipa senti. Vitu vilivyouzwa kwa hiari ili kulinda urithi viko popote mnada ulipovipeleka. Kwa upande wa sanaa, mkusanya kodi alilinda kuliko mrithi. Watetezi wa makabaila wanaruka hapa, na siwalaumu, maana pagumu.

Wapinzani wao wanaruka pengine. Wanazungumza kana kwamba National Trust ingeweza kuchukua kila jumba, ilhali shirika hilo hukataa majumba yasiyo na fungu la fedha la kuyatunza. Chatsworth ingekuwa mzigo wa ajabu kwa yeyote. Iliokolewa na ukaidi wa mume na mke waliokataa ushauri wa kuliacha, wakaishi miaka 17 wakijadiliana na hazina, na wakakubali kuuza nyama na jibini kwa umma. Utumishi wa aina hiyo hauajiriki. Mtu huufanya kwa sababu jina lililo juu ya mlango ni lake.

Lakini jina juu ya mlango lina upande mwingine, na hapa simwachi Duke wa tisa, Victor Cavendish, baba yake Edward. Yeyote aliyesoma historia ya Kenya sekondari amemkariri bila kumjua. Mwaka 1923 alikuwa Waziri wa Makoloni, na Waraka wa Devonshire ni wake. Walowezi wakiongozwa na Lord Delamere, naye kabaila aliyetoka jumba la Vale Royal huko Cheshire, walikuwa wakivutana na Wahindi juu ya viti vya bunge na ardhi ya nyanda za juu, hata wakapanga njama ya kumteka gavana. Waraka ukatamka kwamba Kenya kimsingi ni nchi ya Waafrika, na maslahi yao yakigongana na ya wageni, ya Waafrika yatangulie. Maneno mazuri. Kisha nyanda za juu zikabaki za Wazungu, Wahindi wakapewa viti vitano, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, akaingia baraza la kutunga sheria mwaka 1944, miaka 21 baadaye.

Miaka tisa baada ya waraka, mambo ya ardhi yalimfikia Victor nyumbani. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wapatao 400, wengi wafanyakazi kutoka Manchester na Sheffield, walipanda Kinder Scout, mlima wa nyika ambao sehemu yake ilikuwa mali yake, iliyofungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Walisukumana na walinzi. Watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka 2002, katika kumbukumbu ya miaka 70, Andrew alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa kosa la babu yake. Alikuwa muungwana, na wengi walimpigia makofi. Ningependa tu kukumbusha kwamba sheria ya kuwaruhusu watu kutembea kwenye nyika ilikuwa imepita mwaka 2000. Radhi ilikuja baada ya sheria.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema turudishe nchi kwenye ukarimu wa wenye majumba, maana hao hutoa baada ya kulazimishwa. Kila kilichofunguka kwa kudumu, Hardwick, michoro ya London, njia za Kinder, kilifunguliwa na sheria au na bili. Lakini pia siwezi kuitetea kodi ya 1950 kwa jinsi ilivyofanya kazi. Kodi inayotegemea moyo wa mtu utastahimili hadi mwezi gani ni bahati nasibu. Edward angeacha kuni mpaka kiangazi kilichofuata na kunywa chai tu, mali ile ingepita bila kuguswa, na Hardwick pengine ingekuwa hoteli.

Matajiri walijifunza kutokana na shoka lile. Leo kiwango ni asilimia 40, muda wa kuishi baada ya kutoa ni miaka saba, na mali kubwa hukaa kwa wadhamini wanaolipa hadi asilimia 6 kila baada ya miaka kumi. Duke wa sita wa Westminster alipofariki mwaka 2016, utajiri uliokadiriwa kuwa pauni bilioni 9 ulimfikia kijana wa miaka 25, na sehemu kubwa haikukatwa ile 40 kwa sababu ilikuwa tayari mikononi mwa wadhamini. Yote kisheria. Ukinilazimisha kuchagua, ningechagua kodi ndogo isiyokwepeka kuliko kubwa inayomkamata mpasua kuni peke yake, na ningeongeza sharti moja: anayesamehewa kodi kwa kuhifadhi urithi wa taifa, asiuze urithi huo nje kabla ya makumbusho ya taifa kupewa bei na muda wa kutosha.

Chatsworth yenyewe, kwa sasa, iko wazi, inapendeza, na tiketi si rahisi. Mkataba uliosainiwa mwaka 1981 kati ya wadhamini wa ukoo na shirika la hisani ulikuwa wa miaka 99. Sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka 1915, ambayo waraka wa Victor Cavendish haukuigusa, iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Ile ya 999 ilifupishwa na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kuwa ya miaka 99 kwa wasio raia. Ya Chatsworth, ukihesabu, inafika mwaka 2080.